Alama ya X, chinyanya na kesi ya mama mdogo

Najua nimewaacha kimya, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimeajiriwa serikalini ndiyo maana siandiki tena. Wala! Nilikuwa kusini, Nachingwea na Ruangwa, kwetu upande wa mama. Nilikwenda kwa mambo ya familia tu, lakini nimerudi na kesi mkononi. Kesi yenyewe ni ya zamani, mtuhumiwa ni mama yangu mdogo, na shahidi wangu mkuu ni kemia. Vuta kiti.

Nianze na alama ya X.

Kama ulisoma kemia mpaka kidato cha nne, X hiyo unaijua. Unaichora kwa kalamu kwenye karatasi nyeupe, unaweka bika juu yake, unamimina myeyusho wa sodiamu thayosalfeti, unaongeza asidi ya hidrokloriki, unabonyeza saa. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha maji yanaanza kuwa meupe kama yaliyooshea mchele, ukungu wa salfa unajaa, X inafifia, inapotea. Unasimamisha saa, unaandika sekunde. Unarudia tena ukiwa umepunguza thayosalfeti na kuongeza maji, au ukiwa umepasha moto. Mwisho unagawa moja kwa muda, unachora grafu, unasema kasi ya mmenyuko inaongezeka kadiri kadhaa na kadhaa. Kule nilikosoma, stopwochi ilikuwa moja kwa meza nzima na wengine tulihesabu kwa mdomo, elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Nilipata grafu iliyonyooka kiasi, nikapata alama zangu, na sikuwahi kujiuliza kasi ya mmenyuko inamhusu nani nje ya chumba kile chenye harufu ya mayai viza.

Ile chupa ya thayosalfeti iweke pembeni kidogo. Tutairudia.

Sasa kesi. Mwaka huo nilikuwa darasa la tatu na mvua zilikuwa zimetukimbia. Kwa Bibi, kijijini kati ya Nachingwea na Ruangwa, mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Ghalani ilibaki harufu ya mahindi ya mwaka jana. Kilichosimama shambani ni mihogo, ile michungu. Nyie wa mjini mkisikia muhogo mnafikiria ule wa kukaanga wenye pilipili pale Coco Beach. Huo ni mtamu, unamenya unatafuna. Mchungu ni kitu kingine. Unapandwa kwa makusudi, kwa sababu nguruwe na nyani hawaufurahii, na hata mwizi anausitasita, maana hauchimbwi leo ukaliwa leo.

Utaratibu wetu wa kawaida ni makopa. Unamenya, unapasua, unaanika juani siku nyingi mpaka vipande vinakuwa vyeupe na vikavu, vikigongana vinalia kama kuni. Ndipo unatwanga unga. Lakini makopa yanataka wiki na zaidi, na tumbo la mtoto halina kalenda. Kwa hiyo watu wakawa wanafanya chinyanya: muhogo mbichi unamenywa, unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, unaanikwa tena, na jioni una unga wa ugali.

Siku hiyo zamu ya jiko ilikuwa ya mama mdogo, msichana wa miaka kumi na tisa. Tulikula ugali na majani ya mchicha pori, hakuna dagaa, hakuna kunde. Kabla ya usiku wa manane nyumba nzima ilikuwa inatapika. Nakumbuka kichwa kikigonga, miguu haina nguvu, na Bibi akitembea na kibatari kutoka kwa mmoja hadi mwingine akisema majina yetu kama anayehesabu. Hakufa mtu. Kulipokucha tulikuwa dhaifu lakini hai.

Mtu mmoja tu hakutapika: mama mdogo. Chakula kilikuwa kidogo, naye alikuwa ametuachia watoto sehemu yake, akanywa maji akalala. Asubuhi hilo ndilo likawa ushahidi dhidi yake. Kapika yeye, hakula yeye, wakaumwa wengine. Hakuna aliyesema neno mbele ya Bibi, ila kisimani lilisemwa, na kwa wiki kadhaa kila alipopita na sufuria watu walinyamaza. Kabla ya msimu kwisha aliondoka kwenda Dar es Salaam. Hajarudi kuishi, na akija msibani hakaribii jiko. Amenipa ruhusa kuandika haya, bila jina lake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa natafuta habari ya bei za vyakula (nilikuwa nimechoka na nimeshapotea njia), nikakutana na makala ya kisayansi ya mwaka 1992. Waandishi wake ni Nicholas Mlingi, mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Poulter na daktari wa Kiswidi Hans Rosling. Walikuwa wamefuatilia mlipuko wa watu kupata sumu baada ya kula ugali wa muhogo wilayani Masasi mwaka 1988. Masasi ni jirani yetu, Nachingwea imepakana nayo. Nilisoma nikiwa nimesimama. Ukame, njaa, muhogo mchungu, watu kufupisha njia kwa kutwanga na kuanika ndani ya siku moja. Na jina lile lile, chinyanya, limekaa katikati ya Kiingereza cha wanasayansi kama mjomba kwenye harusi ya Wazungu.

Nilikaa chini. Nikasoma tena.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani ya muhogo, kwa sababu hapa ndipo utamu wa hadithi ulipo, na ni kitu cha kidato cha nne tu. Muhogo hauna sianidi iliyokaa ikikungoja. Una kitu kinaitwa linamarini, sukari iliyofungiwa sianidi kifuani. Linamarini inakaa ndani ya seli, kwenye kifuko chake. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kinakaa kwenye ukuta wa seli. Ni wapangaji wa nyumba moja wasiokutana. Ukiukata, ukiutafuna au ukiutwanga, kuta zinabomoka, wawili hao wanakutana, na kazi inaanza. Kwanza linamarini inavunjika kuwa glukosi na asetoni sianohidrini. Kisha sianohidrini nayo inavunjika yenyewe, taratibu pakiwa na ukali wa asidi, haraka pakiwa na joto, na hapo ndipo sianidi inapotoka. Hiyo sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani kwa hali ya hewa ya kwetu ina haraka ya kuondoka kama mgeni aliyesikia honi ya basi.

Ukielewa hivyo, unaona kwamba kutwanga na kuanika ni maabara kamili. Mambo yale yale ya jedwali letu la mtihani yapo yote: ukubwa wa eneo la kugusana, joto, kiasi cha maji, muda. Na unaona pia ukatili mmoja ambao mimi ulinichukua siku mbili kuumeza. Muhogo uliopasuliwa vipande vikubwa, ukiuanika kwenye jua kali, unakauka haraka. Maji yakiisha mmenyuko unasimama, kimeng'enya kimebaki upande wake, linamarini upande wake. Makopa yanaonekana safi na meupe, kumbe sehemu ya sumu imefungwa humo humo ikiwa kavu. Vipimo vilivyokusanywa baadaye vinaonyesha kuanika kwa jua peke yake huweza kubakiza robo mpaka theluthi ya kilichokuwemo, wakati kuvundika kwa kulundika hubakiza karibu nusu ya hapo. Sasa ongeza hili: mwaka wa ukame muhogo wenyewe hutengeneza linamarini nyingi zaidi. Kwa hiyo mwaka wa njaa sumu inaanzia juu, jua kali linaukausha haraka zaidi, na mpishi ana muda mfupi zaidi. Vyote vitatu vinaelekea upande mmoja.

Kwenye chinyanya kutwanga kunavunja kuta, sawa, ila muda hautoshi. Ngazi ya kwanza imepandwa, ya pili bado, au hata ya kwanza haijaisha. Kuupika ugali hakuokoi sana, kwa sababu moto wa sufuria unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini iliyobaki haitishwi na maji ya moto.

Na mwilini je? Mwili una njia yake ya kujisafisha. Unachukua sianidi, unaibandika salfa, inakuwa thayosianeti, unaikojoa. (Ndiyo maana watafiti wa mambo haya wanaomba mikojo ya watu vijijini, na wanatazamwa vibaya.) Salfa hiyo inatoka kwenye protini: samaki, nyama, mayai, kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo na mboga ya majani peke yake kwa wiki kadhaa hana salfa ya kutosha. Hapo irudie ile chupa yetu. Hospitalini, mtu aliyepata sumu ya sianidi anaweza kudungwa mshipani sodiamu thayosalfeti, kusudi mwili upate salfa. Ni kemikali ile ile tuliyokuwa tukiimwaga juu ya alama ya X. Nilikaa nayo meza moja kipindi kizima cha dakika themanini, hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni dawa ya ugali wa nyumbani kwetu.

Tulichopata sisi usiku ule kilikuwa ni sumu ya siku moja. Kuna kibaya zaidi. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa Kwango, huko iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Watu walilala wazima wakaamka miguu imekakamaa, haipindiki tena maisha yao yote. Wenyeji, Wayaka, waliuita konzo, miguu iliyofungwa. Dunia ikausahau. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukatokea ugonjwa ambao wenyeji waliuita mantakassa. Wagonjwa 1,102 walihesabiwa, wengi wao wanawake na watoto. Ulikuwa ukame, mihogo michungu, hakuna kitoweo. Nampula ni nchi ya Wamakua, na Wamakua tunao hapa Masasi na Nachingwea, ni ndugu wa damu wa watu wale. Mpaka ni wa Wazungu, muhogo haujawahi kuwa na pasipoti.

Rosling ndiye alikuwa daktari katika wilaya ya Nacala wakati huo. Kuna jambo alilikiri mwenyewe mwishoni mwa maisha yake, kwenye kitabu cha Factfulness kilichotoka mwaka 2018, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Ugonjwa ulipoanza hakujua kama unaambukiza au ni sumu. Meya akamuuliza kama wanajeshi wafunge barabara ili mabasi yasiingie mjini. Yeye akajibu kwamba anaona ni wazo zuri, ni lazima lifanyike jambo. Barabara ikafungwa. Alfajiri kina mama waliokuwa wakienda sokoni na watoto wao wakakuta hakuna basi, wakaomba wavuvi wawavushe kwa baharini. Boti zikazidiwa na mawimbi. Walizama. Hakukuwa na maambukizi yoyote ya kuzuia, ilikuwa ni unga. Miaka yote aliyoitumia baadaye kusoma muhogo naisoma nikiwa na asubuhi hiyo kichwani.

Haraka ya wakubwa sisi Nachingwea tunaijua. Wengi wenu mnaijua wilaya yetu kwa mradi wa karanga wa Waingereza, na mnacheka. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na kwetu kusini zikiwemo. Jaribio dogo la kwanza, la kulima kidogo uone udongo unasemaje, halikufanyika. Kule Kongwa udongo wenye mfinyanzi uligeuka kuwa tofali wakati wa kiangazi, karanga zikagoma kung'oka. Mapema mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Reli waliyotujengea kutoka pwani ikafungwa mwaka 1962. Wao walipuuza kupima, wakapata mistari ya kejeli kwenye vitabu vya historia. Mama mdogo alifupisha siku moja akiwa na watoto wenye njaa, akapata jina la mchawi.

Turudi kwenye vipimo. Mwaka 1985 mlipuko wa konzo ulitokea Tarime, kando ya Ziwa Victoria, nao ukachunguzwa na kina William Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaibuka tena mkoani Mtwara, jirani zetu tena. Sasa swali la maabara lilikuwa hili: unajuaje unga huu una sumu kiasi gani ukiwa kijijini, huna umeme, huna jokofu, huna maji ya bomba?

Njia ya zamani ilikuwa ya kuchemsha sampuli, kuukamata mvuke wake kwenye myeyusho wa alkali, kisha kupima kwa titresheni ya nitrati ya fedha. Ile titresheni ya bureti na pipeti mnayoijua, ila kwa vyombo vya vioo ambavyo ukivibeba kwa lori kwenda kijijini vinafika vikiwa chenga. Lakini kulikuwa na njia nyingine ya kale zaidi, ya karatasi. Mwaka 1906 Mfaransa Léon Guignard alieleza jinsi karatasi iliyochovywa kwenye pikrati inavyobadilika rangi ikikutana na sianidi. (Mwaka huo huo wa 1906 kusini yetu ilikuwa inaungua kwa Vita vya Majimaji, Wajerumani wakichoma mashamba na maghala ili njaa imalize walichoshindwa kumaliza kwa bunduki. Huwa napenda kuweka miaka sambamba namna hii, nisameheni.)

Karatasi hiyo ndiyo Howard Bradbury, mkemia wa chuo kikuu cha taifa cha Australia kule Canberra, na wenzake waliigeuza kuwa kifurushi kidogo cha kubeba mkononi. Unachukua unga gramu sehemu moja ya kumi, yaani mwiba tu kwenye ncha ya kisu. Unautia kwenye kichupa chenye mfuniko pamoja na kikaratasi chenye kimeng'enya na bafa, ili mmenyuko ufanyike wote bila kubakiza. Unaongeza tone la maji, unaning'iniza juu yake karatasi ya njano ya pikrati iliyogundishwa kwenye kipande cha plastiki, unafunga, unaacha usiku kucha. Sianidi ikitoka haina pa kwenda, inakutana na karatasi. Asubuhi unaitazama. Ikibaki njano, kula. Ikielekea rangi ya chungwa, mpaka kahawia, unailinganisha na chati ya rangi inayoanzia sifuri mpaka miligramu 800 kwa kilo. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 tu. Kama unataka tarakimu safi zaidi, unairoweka ile karatasi kwenye mililita 5 za maji, unapima kwenye spektrofotomita kwa mwanga wa nanomita 510, unazidisha na 396. Basi. Sina hakika kama mtu mwingine anafurahia namba 396 kama ninavyoifurahia mimi.

Angalia kilichobadilika. Sumu isiyoonekana imekuwa rangi ambayo mama asiyejua kusoma anaiona kwa macho yake, amelala nayo chumba kimoja, hakuna mtu wa mjini aliyeondoka na sampuli na kupotea nayo. Na usiku kucha maana yake ni kuupa mmenyuko muda wake wote, kitu ambacho chinyanya haikuupa.

Kisha Bradbury akatoka na jambo jingine katikati ya miaka ya 2000, jepesi mpaka linatia aibu. Kama shida ni kwamba makopa yalikauka kabla kazi haijaisha, si uyaloweshe tena? Unga wenyewe umeshatwangwa, kuta zimebomoka, linamarini na kimeng'enya wamekaa pamoja wakisubiri maji tu. Unaweka unga kwenye bakuli, unausawazisha, unachora alama ndani ya bakuli usawa wake. Unamwaga maji huku ukikoroga. Kwanza unga unashuka, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Unautandaza kwenye mkeka au jamvi, wembamba usiozidi sentimita moja, masaa mawili juani au masaa matano kivulini. Sianidi inaondoka na upepo. Kilichobaki kwenye unga kinashuka mpaka theluthi, wakati mwingine mpaka sehemu moja ya sita. Jioni unasonga ugali kama kawaida.

Mawili juani, matano kivulini. Hiyo ni grafu yangu ya kidato cha nne, imeandikwa kwa mkeka. Na jua lile lile lililotusaliti kwenye vipande vikavu, hapa kwenye unga mbichi linasaidia. Mlingi na wenzake waliipeleka njia hii kwa wanawake wa vijiji vya Mtwara vilivyokuwa vimepigwa na konzo, wakapima unga na mikojo kabla na baada, wakachapisha mwaka 2011.

Kuna wanaopenda kusema tatizo ni wanawake wa vijijini kutojua kuandaa muhogo. Nimelisikia kwenye semina moja yenye chai na sambusa. Nakataa. Walijua, na wamejua kwa vizazi. Aliyebuni kwamba muhogo mchungu unataka siku nyingi hakuwa na bureti. Wasichokuwa nacho mwaka wa njaa ni siku zenyewe, na kunde za kuwekea pembeni.

Nilimpigia mama mdogo simu nikiwa bado kusini. Sikumwambia mambo ya linamarini. Nilimuuliza tu: siku ile ulianza kutwanga saa ngapi?

Akanyamaza sana. Nilidhani simu imekatika. Akasema, "Saa nne asubuhi. Nilitoka shambani saa tatu. Niliutwanga mara tatu, jua lilipozama nikapika kwa sababu wewe ulikuwa unalia." Miaka yote hiyo ana saa zake kichwani, kama aliyejiandaa kujibu mahakamani na mahakama haikumwita. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ni muda?" Nikamwambia ndiyo mama, ni muda. Akasema ana abiria wa bodaboda anamsubiri nje, tutaongea. Najua hakuna abiria wala bodaboda.

Hakuna unga wa siku ile uliobaki wa kuweka kwenye kichupa, kwa hiyo kama mwandishi siwezi kuapa. Ila nimekusanya ushahidi kwa kesi ndogo kuliko hii.

Bibi yeye bado yupo, anaona vizuri kuliko mimi. Siku mbili kabla ya kuondoka nilimwomba unga wa makopa nimwonyeshe kitu. Akanipa kwa shaka, bakuli la bati na kipande cha mkaa. Nikachora alama, nikamwaga maji, unga ukashuka, ukapanda. Alikuwa anafuata kwa makini, mpaka nilipoutandaza mkekani chini ya mwembe, akaguna.

"Mjukuu wangu, na kuku?"

Nikasema tuufunike na kanga. Halafu nikakumbuka kwamba gesi inatakiwa kuondoka, haifai kufunikwa. Nikamweleza. Akanitazama kama anavyotazama watu wa mjini wote.

"Hilo ndilo mlilokwenda kusomea? Basi kaa hapo uwafukuze."

Nilikaa, nikiwa na fimbo, kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Katikati ya muda huo alinipelekea kiti na kunde za kupukuchua, maana hapendi mtu akae bure. Yule jirani aliyekuwa anasema kisimani, mzee sasa, alipita njiani akaniuliza nalinda nini. Nikamwita aje akae, nimweleze.